Kodi tatu za Kijitonyama

UKITAJA Feri, mtu wa Dar anasikia harufu ya samaki. Ukitaja Keko anaona makochi na vitanda vimepangwa barabarani. Mwenge ni vinyago, Gerezani ni vyuma, na Kariakoo, eeh bwana, Kariakoo ni kila kitu isipokuwa kimya. Sasa nikuulize msomaji wangu, Kijitonyama wanauza nini?

Najua utasema bia baridi na nyama choma, na mimi sikatai, maana na mimi ni mteja. Lakini pale kuna biashara nyingine ambayo haina meza ya barabarani, haina mpiga debe wala haitoi harufu. Unaweza ukapita mlangoni kwao miaka kumi usijue. Wanatengeneza programu za kompyuta.

Wiki hii safu yako haikwenda Zanzibar wala Bagamoyo. Nimefunga safari fupi kuliko zote nilizowahi kukuandikia, kutoka Sinza hadi Kijitonyama, nikiwa na mshikaji mmoja ambaye ameniomba nisimtaje jina. Basi humu tumwite Mwenyeji. Miaka sita iliyopita alikuwa fundi wa peke yake, yeye na laptopu yake katika chumba kimoja. Leo ana kampuni ndogo yenye vijana wanne, yeye akiwa wa tano. Kutoka chumba kile hadi ofisi yake ni nusu saa kwa miguu ukienda bila haraka. Yeye imemchukua miaka sita, na mimi nilitaka kujua hiyo miaka yote iliishia wapi.

Tulianza safari asubuhi ya tarehe 26. Uikumbuke hiyo tarehe, maana itatusumbua mbele ya safari.

KODI YA KWANZA

Sinza bado ni ile ile. Ukishuka Mori unakutana na mama wa vitumbua, fundi simu, saluni tatu zinazofuatana na muziki unaogombana na muziki mwenzake. Uchochoro wa pili kuna nyumba yenye geti la bluu. Mama mwenye nyumba bado yupo, na alipomwona mpangaji wake wa zamani alifurahi kama kaona mtoto wa kumzaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umenenepa! Siku hizi unalala?"

Ikabidi niulize habari ya kulala. Mama akaangua kicheko, akanisimulia kisa ambacho nadhani kinaeleza biashara hii yote. Unajua vijana hawa hawasemi wanaandika programu. Wanasema "wanakodi", neno lenyewe wamelitoa kwenye Kiingereza, na yale maelekezo wanayoiandikia kompyuta wanayaita "kodi". Sasa mama alikuwa akimsikia kila usiku dirishani anaongea na simu: "Jana nimekodi mpaka saa tisa", "Leo nakodi tena."

"Nikajua huyu kijana ana chumba kingine huko," akasema mama. "Nikawaza, kama anakodi kila usiku, kodi yangu si itaota mbawa?"

Tulicheka sana, lakini nilipokuwa naondoka neno lile likanikaa kichwani. Kumbe Mswahili ana neno moja tu la kodi, nalo linabeba mizigo mitatu. Kuna kodi ya kompyuta, kuna kodi ya pango, na kuna kodi ya serikali. Mwenyeji alianza na ile ya kwanza peke yake. Safari nzima ya kutoka ufundi wa chumbani hadi ukampuni ni safari ya kuongeza zile mbili.

Usidhani kazi ya peke yako haina raha yake. Mwenyeji anaikumbuka kwa mapenzi. Alikuwa akitengeneza tovuti ya nyumba ya wageni, programu ya duka la dawa, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Akilipwa laki tano, laki tano yote ni yake. Hana bosi, hana foleni ya asubuhi, anafanya kazi na kaptura. Mimi mwenyewe ninayelipwa kwa makala, hii unayosoma ikiwemo, najua utamu huo.

Ubaya wake ni kwamba mikono ni miwili na mwezi una siku thelathini. Mwaka wake wa pili alishikwa na malaria, akalala wiki tatu. Wateja wawili walimsubiri, wa tatu akahama, na mshiko wa mwezi ule ukawa sifuri. "Nikiugua mimi," akaniambia tukiwa tunatembea, "ni kama kampuni nzima imelazwa." Na hata akiwa mzima haikusaidia sana. Alikuwa anauza masaa yake, na masaa hayaongezeki. Njia pekee ya kupata zaidi ilikuwa apandishe bei au asilale, na mama mwenye nyumba ameshakueleza alichagua lipi.

BARABARA YA MZEE RUKSA

Tulikwenda na Shekilango, tukaipita Afrika Sana, tukatokea Bamaga kwenye ile barabara kubwa ambayo wazee wengi bado wanaiita ya Bagamoyo, nayo kwa upande huu inaitwa Ali Hassan Mwinyi. Naomba tusimame hapo kidogo, maana jina hilo si la bahati mbaya kwa safari yetu.

Vijana wengi hawajui, lakini mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikaunganishwa kwenye marufuku hiyo hiyo. Mashine chache zilizokuwepo serikalini zilikuwa zimeleta hasara na mkanganyiko wa hesabu, wakubwa wakachoka. Kamba ililegezwa taratibu miaka ya 1980. Halafu Mzee Mwinyi, aliyetawala kuanzia 1985 hadi 1995, akafungua milango ya biashara binafsi mpaka watu wakambatiza Mzee Ruksa. Alifariki Februari 29, 2024. Vijana waliojaa kwenye ghorofa za barabara yake wakiuza programu ni watoto wa ruksa ile, ingawa wengi walizaliwa yeye akiwa ameshastaafu.

Mlango wa pili ulifunguliwa baharini. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa hapa Dar, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kujikongoja. Mkongo ndio ulioleta wateja wa mbali na vifurushi ambavyo kijana wa Sinza anaweza kuvinunua.

Kutoka Bamaga ukishika uelekeo wa mjini unafika kituo cha Sayansi. Konda akipaza sauti "Sayansi, Sayansi!" hataji somo, anataja jengo la COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ndani ya jengo hilo, mwaka 2011, ulianza ukumbi wa vijana wa teknolojia kwa mradi wa Tanzania na Finland, ukaja kujulikana kama Buni. Humo humo ndipo lilipoanzia lile atamizi la biashara za Teknohama. Kijana mwenye laptopu na wazo aliweza kuja kukaa, akakutana na wenzake na kupata intaneti bila kuhesabu senti.

Mwenyeji alikuja hapa akiwa amechoka kuongea na ukuta wa chumba. Anasema hakujifunza kompyuta hapa, kompyuta alikuwa anaijua. Alichojifunza ni kwamba kuna watu wanaojua asichokijua. Yeye alikuwa hodari wa mambo ya ndani, hesabu na kumbukumbu, lakini sura ya programu zake ilikuwa inatisha watoto. Akakutana na binti mmoja aliyekuwa na jicho la rangi na mpangilio. Kazi ya kwanza waligawana nusu kwa nusu, ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa kubwa, na mteja akauliza swali ambalo hakuna fundi wa chumbani anayelipenda: "Ofisi yenu iko wapi?"

KODI YA PILI

Ofisi iko karibu na Makumbusho, ghorofa ya pili, juu ya duka la nywele. Ngazi ni nyembamba, ukikutana na mtu anayeshuka mmoja wenu lazima abane tumbo. Ndani kuna meza tano, feni mbili, ubao mweupe uliojaa maandishi, na betri kubwa kwenye kona. Betri ile ilinunuliwa wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, baada ya kupoteza siku nne za kazi ndani ya wiki mbili. Kuna na modemu ya akiba ya mtandao mwingine wa simu, ingawa Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ilipokatika, akiba nayo haikufua dafu. Dar nzima ilikuwa inasota.

Mwenye jengo alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dar ndivyo ilivyo, wengine wanataka mwaka. Halafu kuna kichekesho. Kampuni inapolipa pango la ofisi, sheria inaitaka ikate asilimia 10 ya pango hilo na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Yaani kuna kodi, halafu kuna kodi ya kodi! Mwenye jengo alipoambiwa hivyo alitaka kuwatoa na meza zao, ikachukua siku mbili kumwelewesha.

Lakini nikwambie kitu, msomaji wangu. Si pango lililokuwa gumu. Kigumu kilikuwa kuachia kazi.

Miezi mitatu ya kwanza, yule binti alikuwa anamaliza kazi saa kumi na moja jioni anaondoka. Mwenyeji anabaki, anafungua kazi yake na kuirudia upya mpaka usiku wa manane, kwa sababu haikuandikwa kama yeye angeiandika. Asubuhi moja binti akaweka mkoba mezani, hakukaa.

"Kaka, kama kila kitu unakirudia usiku, mimi mchana huwa nafanya nini?"

Mwenyeji anasema hakuwa na jibu. Siku ile ile wakapanga taratibu ambazo mpaka leo zimeandikwa kwenye ule ubao. Kila kazi ina mwenyewe mmoja, anayejibu maswali yake. Maandishi yote ya programu yanatunzwa kwenye Git, ile mashine ya kumbukumbu aliyoitunga Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo inaonyesha nani kabadilisha nini na lini, na inakuwezesha kurudi ulikotoka mambo yakiharibika. Hakuna kinachokwenda kwa mteja kabla mwenzako hajakipitia, na hapo bosi naye anapitiwa kama wengine. Jumatatu saa tatu asubuhi wote wanakaa, kila mmoja anasema amekwama wapi.

Nikauliza, sasa kwa nini wasiajiri kumi, kazi iende haraka? Akacheka, akachukua kalamu ya ubao, akachora vitone. Watu wawili wana njia moja ya kuelewana. Watatu wana njia tatu. Watano wana njia kumi. Kumi wana njia arobaini na tano! Kila njia ni mahali ambapo ujumbe unaweza kupotea. Kuna Mmarekani, Frederick Brooks, aliyesimamia kazi ya programu kubwa ya IBM iliyoitwa OS/360. Mwaka 1975 alitoa kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month, akaeleza kwamba kazi ya programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, inazidi kuchelewa, kwa kuwa waliokuwa wanafanya kazi sasa wanafundisha wageni. Mimi nikakumbuka shughuli za kwetu. Pilau ikichelewa, leta wapishi sita wapya uone kama haitaungua.

HESABU YA MEZA MOJA

Kwenye kona ya ubao kulikuwa na hesabu nyingine, nikaomba niinakili kwa ajili yako, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapopigwa chenga.

Tuseme unamlipa kijana shilingi 800,000 kwa mwezi. NSSF inataka jumla ya asilimia 20, na kwa kawaida nusu ni ya mwajiri. Ongeza 80,000, sasa kijana amekugharimu 880,000. Mwezi una siku 22 za kazi, saa 8 kila siku, jumla saa 176. Gawanya, kila saa ni shilingi 5,000. Raha, sivyo?

Subiri. Si kila saa inalipwa na mteja. Kuna kikao, kuna kujifunza, kuna kurekebisha mlichokosea wenyewe, kuna kwenda kwa mtu kuonyesha kazi akakuambia njoo kesho. Mwenyeji alijipima kwa mwaka mzima, akakuta kati ya kila saa mbili ni moja tu inayouzwa. Basi saa ya kijana si 5,000 tena, ni 10,000, na hapo hujaweka pango, umeme, kifurushi wala faida. Fundi wa chumbani akisikia bei ya kampuni anasema hawa wezi. Si wezi. Yeye anahesabu saa zake tu, wao wanahesabu na saa za kimya.

KODI YA TATU

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho. Ukiwa peke yako unaweza kujificha, japo sikushauri. Ukiwa kampuni unaonekana. Lazima usajiliwe BRELA, na siku hizi unasajili kwa mtandao bila kupanga foleni. Unachukua TIN TRA, ambayo hutolewa bure, kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia kimbia. Kisha leseni ya biashara. Ukishaajiri, PAYE ya mishahara inatakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Mkifika wafanyakazi kumi kuna tozo nyingine ya mafunzo. Faida ya kampuni inakatwa asilimia 30.

Na kuna hii ambayo hakuna aliyemwambia Mwenyeji mapema. Mfanyabiashara akikulipa kwa huduma uliyompa, anatakiwa akate asilimia 5 ya malipo yako na kuipeleka TRA. Inaitwa kodi ya zuio. Haipotei, mwisho wa mwaka inahesabiwa kwenye kodi yako, ila siku ile mfukoni haipo. Ukipanga matumizi kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, umekwisha.

Basi hapo ndipo tarehe 26 ilipoanza kuuma. Mishahara ya vijana wanne, ile ya kushika mkononi, ni shilingi 2,900,000 na hulipwa tarehe 28. Benki kulikuwa na 1,100,000. Mzee mmoja wa Kariakoo alikuwa anadaiwa 3,600,000, asilimia 30 ya mwisho ya kazi ya milioni 12, na miezi miwili ilikuwa imepita.

Tukashuka ngazi, tukapanda daladala la Kariakoo.

MTAA WA AGGREY

Njiani Mwenyeji alikuwa kimya. Tulipofika Magomeni akanionyesha bahasha iliyokuwa kwenye begi. Ilikuwa barua ya kazi kutoka kampuni moja kubwa ya hapa mjini. Mshahara wake, ukiniuliza mimi, ni wa kupiga kelele. Bima ya afya, likizo yenye malipo, na tarehe 28 anayeumwa kichwa ni mtu mwingine. Walitaka jibu ndani ya wiki.

"Wale wanne wanajua?" nikauliza.

"Nimewaambia leo asubuhi kabla hujafika. Nikawaambia na hali ya benki. Mtu akikufanyia kazi lazima ajue kama mshahara wake uko hatarini, asije akaagiza gesi na kuahidi ada ya mdogo wake kwa hela ambayo haipo."

Mzee tulimkuta dukani, Mtaa wa Aggrey, kazungukwa na maboksi ya vioo vya simu mpaka dari. Ana maduka matatu, na kazi ya programu aliyoiagiza ni kumwonyesha kila duka limebakiwa na nini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba kijana. Kaa. Programu yako nzuri sana. Ila kuna kitu kimoja kidogo tu kimebaki, halafu tumalizane. Nataka nikiwa nyumbani nione mauzo kwenye simu yangu."

Nikamwangalia Mwenyeji. Fundi wa chumbani pale anasema hewala mzee, anakwenda kukesha siku tatu bure ili apate hela yake. Mwenyeji mwenyewe alishafanya hivyo mara nyingi enzi za Sinza, usiku ulikuwa wake na hakumdai mtu. Lakini usiku wa kampuni una mwenyewe, na kila usiku kuna anayeulipia.

Akatoa karatasi mbili. Ulikuwa mkataba, na nyuma yake orodha ya vitu 14 vilivyokubaliwa, kila kimoja kina tiki na sahihi ya mzee.

"Mzee wangu, hilo la simu ni wazo zuri na litakusaidia. Lakini halimo humu, ni kazi mpya. Kesho nitakuletea bei yake na siku zake. Hii ya zamani imekwisha, na yule binti aliyekuwa anakuja hapa kuwafundisha vijana wako anasubiri mshahara wake kesho kutwa."

Mzee akanyamaza. Akaisoma orodha yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio utadhani deni ni langu.

"Una vijana wangapi?"

"Wanne, mzee."

"Mimi ninao kumi na moja." Akavua miwani. "Tarehe 28 naijua."

Wafanyabiashara wanaelewana kwa lugha yao. Mzee akamwita mhasibu, akasema nusu ilipwe leo, nusu ndani ya siku kumi. Nusu ni 1,800,000. Mhasibu, kijana makini mwenye kalamu sikioni, akakata asilimia 5 yake, shilingi 90,000, akasema hati ya makato itafuata. Zikaingia 1,710,000.

Piga hesabu mwenyewe. Zikijumlishwa na za benki ni 2,810,000. Imepungua 90,000, ile ile ya zuio! Na hapo mtu wa tano hajapewa hata senti, na tarehe 7 inakuja na PAYE yake.

MTU WA TANO

Tulikunywa chai ya rangi kwenye mgahawa wa pembeni kabla ya kuachana. Hiyo 90,000 alisema ataitoa kwenye akiba yake ya simu. Yeye mwenyewe atalipwa mzee atakapomaliza nusu ya pili. Ndivyo anavyofanya kila mwezi mgumu, wa chini analipwa kwanza, mwenye kampuni mwisho.

Nikamwambia ukweli wangu. Kwa hesabu nilizoziona, barua ile ina akili kuliko kampuni. Hakukasirika. Akasema mwaka jana miezi minne alipata chini ya alichokuwa anapata Sinza, na miezi mitano alipata zaidi ya mara mbili. Lakini si hilo analolihesabu. Mwezi wa tatu mwaka huu alisafiri kumuuguza mama yake Singida, akakaa wiki mbili na nusu. Simu yake iliita mara tatu tu. Kazi mbili zilikabidhiwa, wateja walilipa, hakuna aliyehama.

"Enzi za malaria nilipoteza kila kitu kwa wiki tatu," akasema. "Safari hii nilikaa na mama yangu."

Msomaji wangu kijana, najua wapo wengi mnaojipigapiga peke yenu, wa kompyuta, wa kamera, wa cherehani, na sisi wa kalamu. Kila mmoja anaota ofisi yenye jina mlangoni. Sikukatazi. Ila jina la mlangoni ni bei rahisi, fundi rangi anakuandikia kwa siku moja. Kabla hujalichora, jipime kwa mambo haya. Una akiba ya mishahara ya miezi mitatu, au unategemea mteja mmoja mwenye longolongo? Unachukua kianzio kabla ya kugusa kazi? Makubaliano yako yameandikwa, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho? Kuna mtu anaweza kuifanya kazi yako leo ukiwa umelala? Na unaweza kuiacha aifanye kwa namna yake bila kuirudia usiku? Kama la mwisho hulimudu, baki chumbani, wala si aibu. Fundi mzuri wa peke yake ni bora kuliko bosi asiyelala.

Tarehe 28 jioni nilimpigia simu. Mishahara ilikuwa imetoka kabla ya saa sita mchana, na yule binti alikuwa ameshapeleka bei ya kazi mpya Kariakoo. Nikamuuliza habari ya ile barua.

Akasema amewajibu. Ameshukuru sana, na amewaeleza kwamba peke yake hawezi kuja, ila kama kazi yao wanaitaka kweli, ataifanya pamoja na vijana wake wanne, kutoka Kijitonyama, kwa mkataba. Bei ameiandika chini, pamoja na kianzio.

Mpaka naingia mitamboni walikuwa hawajajibu. Wakijibu nitakujulisha.